Lori la Mirathi Linapotetemeka: Lisikilizwe Kabla ya Kuuzwa



Sifa zote njema ni za Allah, Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Juma hili tunajibu swali la dada yetu katika imani, mjane aishiye Majengo, jijini Dodoma. Marehemu mumewe ameacha watoto wanne, wawili kati yao hawajabaleghe, pamoja na lori la tani saba lililotumika kwa zaidi ya miaka 20. Lori hilo hupakia mahindi Kibaigwa na alizeti Singida, na ndilo linalolipa ada za shule na kodi ya nyumba. Linaendeshwa na mpwa wa marehemu, akiwa na utingo mmoja.

Dada yetu anaeleza kwamba kabla ya msiba lori lilikuwa likigonga mara moja, “ko!”, kila dereva alipoachia klachi ili kuondoka. Baada ya eda kwisha, fundi wa kwanza alibadilisha krosi mbili za propela. Kugonga kukapungua sana, lakini likazuka tetemeko jipya sakafuni na kwenye kiti kila lori lilipofika mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Fundi wa pili akasema difu imekwisha, inunuliwe nyingine. Shemeji yake ana rai ya tatu: lori lioshwe, lipakwe rangi, kisha liuzwe kwa mtu wa mbali atakayelijaribu ndani ya mji tu, mahali ambapo halitafika kilomita 60. Naye dada yetu anauliza: “Tununue difu kwa fedha ya mayatima, au tuliuze hivyo hivyo?”

Swali hili lina upande wa ufundi na upande wa dini, na tunaanza na ule wa ufundi kwa makusudi. Mtu hawezi kuieleza kasoro kwa ukweli akiwa haijui, na hawezi kuitunza mali ya yatima kwa kununua kila chombo kinachotajwa na kila fundi.

Kazi ya propela

Nguvu ya injini hupita kwenye klachi, ikaingia giaboksi, kisha ikachukuliwa na bomba refu la chuma liitwalo propela mpaka kwenye difu, ambayo huigawa kwa magurudumu ya nyuma. Injini na giaboksi zimefungwa kwenye fremu ya gari. Difu imefungwa kwenye springi, nayo hupanda na kushuka kila gurudumu linapokutana na shimo. Bomba lisiloweza kupinda lingevunjika siku ya kwanza. Kwa sababu hiyo kila mwisho wa propela umewekewa krosi, yaani chuma chenye mikono minne, kila mkono ukiwa ndani ya kikombe kidogo chenye sindano za beringi. Tena kwa kuwa umbali kati ya giaboksi na difu hurefuka na kufupika, sehemu moja ya propela huteleza ndani ya nyingine kwa meno marefu yaitwayo splaini. Malori marefu huwa na propela ya vipande viwili, na katikati hushikwa na senta beringi iliyozungushiwa mpira na kufungwa kwenye fremu.

Krosi ina tabia moja ambayo wenye magari wengi hawaijui. Inapofanya kazi ikiwa imepinda, upande unaopokea mzunguko hauendi sawasawa: huharakisha kidogo na kusita kidogo, mara mbili katika kila mzunguko mmoja. Robert Hooke wa Uingereza aliichunguza tabia hiyo katika karne ya 17, zaidi ya miaka 200 kabla ya Clarence Spicer wa Marekani kuingiza propela ya krosi katika magari mwanzoni mwa karne ya 20. Dawa yake ni krosi ya pili. Masikio yanayoshika krosi ya mbele na yale ya nyuma yakikaa katika mstari mmoja, na pembe za krosi zote mbili zikilingana, kusita kwa moja hufutwa na kuharakisha kwa nyingine. Hapo difu hupokea mzunguko laini. Masikio yakipishana, hata kwa meno machache ya splaini, hayafutiani tena ipasavyo, na lori hutetemeka japokuwa kila kipuri ni kipya. Tunamwomba dada yetu aliweke akilini jambo hili, maana tutalirudia.

Kila mlio una wakati wake

Tabibu humwuliza mgonjwa maumivu yalianza lini na huzidi wakati gani. Fundi hodari naye humwuliza dereva kabla ya kushika spana. Propela na jirani zake hutoa ushahidi wao kwa nyakati zinazotofautiana.

Kugonga mara moja wakati wa kuondoka, wa kurudi nyuma, au mguu unapoachia mafuta na kukanyaga tena, ni dalili ya kitu kilicholegea. Chaweza kuwa krosi iliyolika, splaini iliyopanuka, bolti za flanji zisizokazwa, au meno ya difu.

Mlio mwembamba wa kukwaruza unaosikika lori linapotembea polepole, na kuharakisha kadiri mwendo unavyoongezeka, kwa kawaida ni krosi iliyokauka grisi.

Mtikisiko mzito chini ya sakafu wakati wa kuondoka na mzigo, unaotoweka lori likishachanganya, hutuelekeza kwenye mpira wa senta beringi, au kwenye springi na pembe ya propela.

Tetemeko linalotokea katika mwendo fulani na kupungua chini ya hapo huwa ni la propela iliyokosa baransi, iliyobonyea au iliyofungwa vibaya, ama ni la magurudumu.

Ama difu iliyochoka, desturi yake ni kuvuma. Mvumo huo hubadilika dereva anapokanyaga mafuta na anapoyaachia, hata kama mwendo wa lori ni ule ule.

Dada yetu hakutaja mvumo hata mara moja.

Gurudumu au propela?

Hapa hesabu ndogo yatosha. Kilomita 60 kwa saa ni mita 1,000 kwa dakika. Tuchukue gurudumu ambalo duara lake lina mita 2.7 hivi, kama yalivyo ya malori mengi madogo na ya kati. Gurudumu hilo litazunguka mara 370 kwa dakika, yaani mara 6 kwa sekunde. Difu ikiwa ya uwiano wa 5 kwa 1, propela itazunguka mara 1,850 kwa dakika, yaani karibu mara 31 kwa sekunde.

Basi tetemeko la gurudumu lililokosa baransi ni mapigo ambayo mtu hukaribia kuyahesabu, na likiwa gurudumu la mbele, usukani huonyesha. Tetemeko la propela ni la haraka mno kuhesabika. Huja kama ganzi katika nyayo na kiti, na vioo vya pembeni huonyesha sura zilizofifia. Dereva aulizwe: je, unaweza kuyahesabu mapigo? Jibu lake litaokoa siku nzima ya kazi.

Injini nayo ipimwe. Kwenye barabara tambarare, iliyonyooka na isiyo na magari mengi, lori likiwa tupu, dereva afikishe mwendo unaoleta tetemeko, kisha akanyage klachi na kuiacha injini ishuke. Tetemeko likiendelea ilhali injini imetulia, injini haina hatia. Halafu arudie mwendo ule ule kwa gia nyingine. Tetemeko lisilojali gia, linalofuata mwendo wa lori tu, limo kati ya giaboksi na matairi. Jaribio hili lisifanywe mteremkoni kamwe, wala lori likiwa na mzigo.

Kuingia chini ya lori

Kabla hatujaeleza la kutazama, tuna onyo ambalo tungependa lisomwe kwa sauti nyumbani kwa kila mwenye lori.

Katika malori mengi ya Kijapani ya ukubwa mdogo na wa kati, hendibreki haishiki magurudumu moja kwa moja. Huishika propela, nyuma tu ya giaboksi. Maana yake ni kwamba propela ikifunguliwa, au ikikatika, hendibreki haina tena kitu cha kuzuia, na hata gia iliyowekwa haizuii chochote. Lori huwa huru kubiringika. Kwa hiyo fundi asilale chini ya lori kabla magogo imara hayajawekwa mbele na nyuma ya matairi, kwenye ardhi tambarare, injini ikiwa imezimwa na ufunguo ukiwa mfukoni mwake. Watoto wasiruhusiwe kucheza karibu. Lori lisitegemee jeki peke yake, na asiwepo mtu chini ya lori wakati injini inaunguruma.

Hayo yakitimia, gia itolewe na hendibreki iachiwe, ili propela iwe huru kuzungushwa kwa mkono. Kisha utazamaji uende kwa utaratibu, kutoka giaboksi mpaka difu.

Shika pande mbili za kila krosi na uzizungushe kinyume. Mchezo unaoonekana kwa macho ni dalili kwamba krosi imekwisha. Unga mwekundu wa kutu pembeni mwa vikombe unaonyesha kwamba grisi iliisha zamani. Krosi yenye tundu la grisi ipigwe grisi mpaka ile ya zamani itoke kwenye vikombe vyote vinne. Kikombe kisichotoa hakipati grisi.

Inua propela karibu na senta beringi. Mpira uliopasuka au uliochomoka mahali pake huonekana mara moja. Tikisa splaini juu na chini. Kaza bolti zote za flanji. Tazama bomba lenyewe: mbonyeo wa jiwe, waya uliojizungusha, tope lililogandamana upande mmoja, au alama ya weledi mahali kipande cha baransi kilipobanduka, kila kimoja hutosha kuleta tetemeko.

Springi nazo zisisahaulike. Yubolti zilizolegea au senta bolti iliyokatika huiacha difu isogee kutoka mahali pake. Tena wapo wenye malori wanaoongeza majani ya springi ili kubeba mzigo mkubwa zaidi. Nyuma ya lori huinuka, pembe ya propela hubadilika, na krosi hufanya kazi ambayo haikukusudiwa. Ikiwa springi ziliongezwa, fundi aambiwe.

Mwisho ni difu. Zungusha flanji yake taratibu kwa mkono, mbele na nyuma. Mchezo mdogo ni wa kawaida, mchezo mkubwa unatia shaka. Oili yake imwagwe katika chombo safi. Uji mwembamba wa kijivu kwenye sumaku ya kifuniko ni uchakavu wa kawaida, lakini vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole ni habari mbaya.

Rai yetu kuhusu lori hili

Hatujaliona lori, na atakayeliona ana haki ya kutusahihisha. Lakini maelezo ya dada yetu yana utaratibu unaoeleweka. Kugonga kulipungua baada ya krosi kubadilishwa, kwa hiyo krosi zilikuwa zimelika kweli na fundi wa kwanza hakukosea kuzibadilisha. Tetemeko la kilomita 60 halikuwapo kabla ya kazi hiyo, likazuka mara baada yake. Kanuni ya ufundi ni kwamba kasoro iliyozaliwa baada ya matengenezo hutafutwa kwanza katika matengenezo yenyewe.

Tunashauri propela ifunguliwe tena na mambo manne yakaguliwe. Kwanza, je, masikio ya mbele na ya nyuma yako katika mstari mmoja? Mara nyingi viwandani hupigwa alama ndogo kwenye pande mbili za splaini, nazo sharti zikutane. Fundi asiyeweka alama kabla ya kufungua huirudisha propela kwa kubahatisha. Pili, je, kila kikombe cha krosi kimeingia mpaka mwisho na klipu yake imekaa katika mfereji wake? Sindano moja ya beringi ikilala chini ya kikombe, krosi haiwezi kukaa katikati. Tatu, je, kipande cha baransi kilibanduka wakati wa kugonganyundo? Nne, je, mpira wa senta beringi ulitazamwa siku ile, au ulipitwa tu?

Kazi hiyo ni ya saa chache, na gharama yake ni ndogo kuliko ya difu. Ikiwa yote manne ni salama na tetemeko lingalipo, propela ipelekwe kwenye karakana yenye mashine ya kupimia baransi. Difu iwe ya mwisho kushukiwa, na isinunuliwe kabla oili yake haijamwagwa na kutazamwa. Jambo moja tusilikubali kwa hali yoyote, nalo ni kikombe kilicholegea kuchomelewa kwenye sikio la propela. Kilichochomelewa hakitengenezeki tena, na huficha ubovu wa sikio mpaka siku linapokatika.

Kuuza na kunyamaza

Sasa tuitazame rai ya shemeji. Tunamdhania kheri kwamba anawaonea huruma watoto wa nduguye. Hata hivyo, njia aliyoichagua haiwafai.

Imesimuliwa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (rehema na amani zimshukie) alipita sokoni penye rundo la chakula, akaingiza mkono ndani yake, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akasema kwamba kilinyeshewa na mvua. Mtume akamwuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakakiona, na akabainisha kwamba mwenye kughushi hayuko pamoja naye. Rangi mpya juu ya lori linalotetemeka ni nafaka kavu juu ya ile iliyolowa. Kumchagulia mnunuzi barabara ya kulijaribia, kwa kuwa kasoro haitajitokeza hapo, ni kuufunika unyevu kwa mikono miwili.

Tena katika hadithi ya Hakim bin Hizam, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, tumefundishwa kwamba muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha, biashara yao hubarikiwa, na wakificha na kusema uongo baraka hufutwa. Wanazuoni wa fiqhi wamempa mnunuzi hiari ya kurudisha bidhaa anapogundua kasoro aliyofichwa. Neno “nauza kama lilivyo” halimwondolei muuzaji dhambi ya kuficha anachokijua.

Ama mayatima, Qur'ani katika Suratul Israa, aya ya 34, inatukataza kuikaribia mali yao isipokuwa kwa njia iliyo bora. Bei kubwa iliyopatikana kwa hila haiwi njia bora kwa sababu tu inaingia mfukoni mwa yatima, na hatudhani marehemu angependa ada za wanawe zitoke huko.

Lipo pia jambo zito kuliko fedha. Tumekwisha kusema hendibreki ya malori ya namna hii hushika wapi. Mtu wa mbali atakayelinunua huenda akalipeleka Nzega kwa njia ya Sekenke, limejaa magunia. Propela ikikatika pale mteremkoni, injini haitamsaidia kupunguza mwendo, hendibreki haitashika, na bomba linalopigapiga chini ya lori laweza kukata mabomba ya breki yaliyobaki kuwa tegemeo lake la mwisho. Katika gari hilo atakuwamo dereva, atakuwamo na utingo, na mbele yao huenda likawapo basi la abiria. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 nayo inakataza kuendesha barabarani gari bovu lenye kuhatarisha watu.

Basi ushauri wetu kwa dada yetu ni huu. Lori lisitoke na mzigo mpaka propela ikaguliwe. Gharama zitoke katika mali ya mirathi, ziandikwe na kuonyeshwa kwa warithi waliobaleghe. Likitengemaa, familia ishauriane kama litaendelea na kazi au liuzwe. Likiuzwa, matengenezo yaliyofanyika na kasoro zilizobaki ziandikwe katika hati ya mauziano, na mnunuzi aachwe alijaribu kwa mwendo autakao, kwenye barabara aitakayo, akiwa na fundi wake. Ikiwa watoto wana msimamizi aliyeteuliwa, asiachwe nje ya uamuzi huo.

Tunalo na neno kwa wenye malori wengine. Dereva anaposema, “Mzee, gari linatetemeka,” jibu la “piga safari hii moja kwanza” limekwisha kuwa ghali kwa familia nyingi. Dereva ndiye anayeketi juu ya propela siku nzima, na anayemnyamazisha amenyamazisha masikio yake mwenyewe. Asikilizwe, na ashukuriwe kwa kusema.

Juma lijalo, inshaAllah, tutaeleza namna ya kuandika mapato na matumizi ya chombo cha mirathi kabla ya kugawanywa, ili ndugu wasigombane.

Tunamwomba Allah amrehemu marehemu, awatunze watoto wake, awalinde madereva na utingo wetu njiani, na atujaalie riziki ya halali yenye baraka. Amin.

Wabillahi tawfiq.